Mkanda wa WCW na jumba bovu aliloangushiwa David Arquette

Ukiwauliza wapenzi wa mieleka ya kulipwa mkanda wa dunia wa WCW, kampuni ya mieleka ya Marekani, ulikufa lini, wengi hawatakutajia Machi 2001, kampuni ilipouzwa. Watakutajia Aprili 25, 2000, mjini Syracuse, jimbo la New York. Usiku huo mwigizaji wa filamu, David Arquette, alimbana Eric Bischoff, mmoja wa viongozi wa WCW, mabega chini, mwamuzi akahesabu hadi tatu, na mwigizaji akatoka ulingoni akiwa bingwa wa dunia. Pambano lilikuwa la wawili kwa wawili: Arquette na Diamond Dallas Page dhidi ya Bischoff na Jeff Jarrett, kwa sharti kwamba yeyote atakayembana mpinzani ndiye mwenye mkanda. Page ndiye aliyekuwa bingwa. Akapoteza ubingwa kwa mshirika wake mwenyewe, bila kubanwa na mtu yeyote.

Kwa zaidi ya miaka 20 simulizi imekuwa ni hiyo hiyo: Arquette aliuua mkanda. Nataka kuipima kwa haki, maana ina hoja nzito ndani yake, lakini nasema mapema kwamba mtu huyu nadhani ameangushiwa jumba bovu.

Nianze na wanaomlaumu. Hoja yao haivunjwi kwa kusema kwamba mieleka ya kulipwa hupangwa matokeo, kwa hiyo mkanda ni pambo tu. Kila mtazamaji mtu mzima anajua matokeo hupangwa. Kwa kuwa hupangwa, mkanda ndicho kitu pekee kinachomwambia mtazamaji ni nani kampuni yenyewe inamwamini kuwa mbele ya wote. Mkanda huo wa dhahabu ulianza kuvaliwa na Ric Flair mwaka 1986, kabla WCW haijawa na ubingwa wake yenyewe, na ulipofika mwaka 1991 watu walikuwa wamekwisha kuuona kama kipimo cha mwanamieleka aliyekamilika. Agosti 2, 1992, mjini Baltimore, Ron Simmons alimshinda Big Van Vader, akawa mtu Mweusi wa kwanza kuushika ubingwa wa dunia wa WCW. Tazama picha za ukumbi ule. Kuna watu wazima wanalia, kuna watoto wameshikilia vichwa. Hawakuwa wajinga wasiojua mambo hupangwa. Walijua, na ndiyo maana walilia: kuna mtu ofisini alikaa na kuamua kwamba safari hii ni zamu ya Simmons.

Hapo ndipo lawama inapochoma. Booker T aliingia WCW mwaka 1993. Yeye na kaka yake Stevie Ray, wakiitwa Harlem Heat, walitwaa ubingwa wa wawili kwa wawili mara kumi. Alikuwa bingwa wa televisheni mara kadhaa, na mapambano yake na Chris Benoit mwaka 1998 hadi leo yanatajwa miongoni mwa bora ya kipindi kile. Mkanda wa dunia aliupata Julai 9, 2000. Hesabu mwenyewe: mwigizaji aliyekuja kutangaza filamu aliufunga kiunoni zaidi ya miezi miwili kabla ya Booker T. Ukiwa mwanamieleka uliyekaa miaka saba ukitegua mabega na magoti kwa ajili ya kampuni ile, hakuna maelezo yatakayokutosha, na mimi siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anakosea kuumia.

Sasa upande wa pili, ambao kwa kawaida husemwa kwa sentensi moja kisha ukaachwa.

Arquette hakuuomba mkanda. Alikuwa mpenzi wa mieleka tangu utotoni, na kwa sababu hiyo hiyo alipoambiwa mpango wenyewe aliupinga, akisema mashabiki wataona wametukanwa. Alijua kuliko waliokuwa wakimwajiri. Filamu aliyoigiza, iliyotoka Aprili 7 mwaka ule, ilitengenezwa na Warner Bros., na WCW nayo ilikuwa mali ya Time Warner; watu wa nyumba moja walikuwa wakitangaziana biashara. Alipokubali, pesa aliyolipwa aliigawa kwa familia za wanamieleka: ya Owen Hart, aliyefariki Mei 1999 kwa kuanguka kutoka juu ya ukumbi, ya Brian Pillman, aliyefariki 1997, na ya Darren Drozdov, aliyepooza mwezi Oktoba 1999. Siku 12 baadaye, Mei 7, alishuka ulingoni katika onyesho la Slamboree, akamsaliti Page kama alivyoelekezwa, na Jarrett akaondoka na mkanda. Alitimiza kazi aliyopewa, akarudi kwao.

Lakini wema wa mtu hautoshi kuwa hoja. Mtu mwema anaweza kuharibu kitu. Swali ni kama mkanda ulikuwa mzima alipopewa, na hapo ndipo ninapoomba tuutazame mwaka 2000 wenyewe.

Katika mwaka huo mmoja ubingwa wa dunia wa WCW ulihama au kutangazwa wazi, yaani hauna mwenyewe, zaidi ya mara 20. Namba hii husomwa haraka kisha ikapitwa. Ikae kidogo. Maana yake ni kwamba shabiki aliyesafiri wiki tatu akarudi nyumbani hakuweza kubahatisha bingwa ni nani. Mkanda ukawa kama daladala, huyu anapanda, yule anateremka, na konda hakumbuki nani kalipa. Kati ya zote hizo, Arquette ni moja.

Lakini pia si namba peke yake. WWF, mpinzani wa WCW, mkanda wake ulibadilisha mikono mara 12 mwaka 1999, na mwaka ule kampuni ilikuwa katika neema. Septemba mwaka huo huo mwenye kampuni mwenyewe, Vince McMahon, ambaye si mwanamieleka, alimshinda Triple H akawa bingwa, kisha baada ya siku chache akauachia. Hakuna anayesema McMahon aliuua mkanda wa WWF. Kwa hiyo kama tatizo ni asiye mwanamieleka kushika mkanda, tunahitaji kuelezwa kwa nini sumu ile ile iliua nyumba moja na kuiacha nyingine ikinawiri. Na kama tatizo ni kuhamahama tu, swali ni hilo hilo.

Jibu langu ni kwamba kinachoumaliza mkanda ni kuachwa bila mwenyewe, au mtu kupewa kisha akaambiwa hakupewa. Hili WCW ililifanya tangu mwanzo, na kila mara liliigharimu.

Julai 1991 Flair aligombana na uongozi kuhusu mkataba, akafukuzwa akiwa bingwa. Kwa desturi ya zamani ya NWA, muungano wa mieleka uliotangulia WCW, bingwa aliweka dhamana ya dola 25,000. Hakurudishiwa, akaondoka na mkanda wenyewe, na baada ya muda mfupi ukaonekana kwenye televisheni ya WWF. Baltimore, Julai 14, Lex Luger na Barry Windham walipigania ubingwa ulio wazi huku ukumbi mzima ukiliimba jina la Flair. Luger alishinda, lakini watu walikuwa wakimlilia asiyekuwepo.

Kisha Desemba 28, 1997. Sting alikuwa amekaa zaidi ya mwaka bila kupigana, akichungulia kutoka juu ya paa za kumbi, ili siku ifike amvae bingwa, Hollywood Hogan. Onyesho la usiku ule ndilo la kulipia lililouzwa kuliko yote katika historia ya WCW. Mwamuzi alipaswa kuhesabu haraka kwa hila ili Sting aonekane kadhulumiwa. Hesabu ikatoka ya kawaida kabisa, na mbele ya macho ya waliolipa Sting akaonekana kashindwa kihalali kabla pambano halijaendelea. Akapewa mkanda usiku ule. Siku 11 baadaye, Januari 8, 1998, akapokonywa, ukatangazwa wazi. Ngoja ya mwaka mzima, furaha ya siku 11. Hilo kwangu ni pigo zito kuliko Syracuse, kwa sababu Sting alikuwa ndiye mtu wao, na waliomlipia walikuwa wengi kuliko wote waliowahi kulipa.

Hata hivyo mkanda ulipona tena. Julai 6, 1998, ndani ya Georgia Dome mjini Atlanta, mbele ya watu karibu 40,000, Goldberg alimshinda Hogan, na paa likataka kung'oka. Miezi sita baadaye, Januari 4, 1999, katika jengo lile lile, bingwa alikuwa Kevin Nash. Hogan akamgusa kifuani kwa kidole kimoja, Nash akajibwaga chali kwa hiari, Hogan akambana, bingwa mpya huyo. Usiku huo huo mtangazaji wa WCW aliagizwa kuwaambia watazamaji, kwa kejeli, kwamba kwenye kipindi cha WWF kilichorekodiwa kabla, Mick Foley angeshinda ubingwa. Watazamaji laki kadhaa wakahamia huko kwenda kumwona Foley. Mtu aliyepigwa na kuvunjwavunjwa miaka mingi alikuwa akipokea mkanda upande mmoja, na upande wa pili mkanda ulikuwa unaangushwa kwa ncha ya kidole. Sijui kama kuna usiku mwingine ulioeleza tofauti ya nyumba mbili kwa uwazi kama ule.

Tukifika Januari 2000, Bret Hart aliuacha mkanda kwa sababu ya jeraha la kichwa alilopata Desemba kwa teke la Goldberg. Huyo hana lawama. Jeraha lile ndilo lililomaliza safari yake. Chris Benoit akaushinda Januari 16 dhidi ya Sid Vicious, na kesho yake kampuni, ikijua anaondoka kwenda WWF, ikatangaza ushindi ni batili kwa kuwa mguu wa Sid ulikuwa chini ya kamba. Aprili 10 Vince Russo, mwandishi wa vipindi vya WCW, na Bischoff walirudi madarakani, wakatangaza mikanda yote ya kampuni iko wazi, ianze upya. Wiki mbili na siku moja baada ya tangazo hilo ndipo tunapofika Syracuse. Huo ndio mkanda aliokabidhiwa Arquette.

Na nani anamkumbuka Russo? Septemba 25, 2000, mwandishi huyo wa vipindi, ambaye ndiye aliyekuwa akipanga nani ashinde na nani ashindwe, alipigana na Booker T ndani ya kizimba. Goldberg akamvamia Russo kwa kishindo hadi wakapasua ukuta wa kizimba, Russo akatua nje wa kwanza, na kwa sheria ya pambano akawa bingwa wa dunia. Wiki moja baadaye akautangaza wazi. Arquette angalau alishuka ulingoni akauachia kwa pambano. Russo aliuweka mezani kama mtu arudishaye funguo za ofisi, na aliyevuliwa ubingwa ili yeye avae alikuwa Booker T yule yule ambaye tunasema tunamwonea uchungu. Katika orodha za siku mbaya za mkanda ule, Russo hutajwa chini, Arquette juu. Nadhani ni kwa sababu Arquette ni mgeni, na mgeni ni rahisi kumlaumu kuliko mwenyeji.

Wapo watakaosema basi wote wana hatia, Arquette naye apewe fungu lake. Nakubali fungu lipo. Siku 12 zile ziliwapa wasiopenda mieleka kicheko cha bure, na hakuna aliyeongeza tiketi moja kwa Booker T au kwa Page kwa sababu yake. Filamu yenyewe haikuuza. Ila WCW ilipoteza takriban dola milioni 62 mwaka ule kwa mishahara isiyolingana na mapato, kwa kumbi zilizokuwa zikipungukiwa watu tangu 1999, na kwa uongozi uliobadilishwa kila msimu. Na kilichoifunga kabisa ni uamuzi wa ofisini baada ya Time Warner kuungana na AOL: Machi 2001 Jamie Kellner, mkuu wa vituo vya televisheni vya kampuni hiyo, aliviondoa vipindi vya mieleka kwenye vituo vya TNT na TBS, na kampuni isiyo na televisheni ikauzwa kwa WWF kwa dola milioni chache. Hakuna mkanda katika uamuzi huo.

Arquette aliibeba aibu ile kwa muda mrefu kuliko yeyote kati ya waliompangia. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 46, alirudi ulingoni kwenye kumbi ndogo kwa ajili ya kutafuta heshima tu, na katika pambano moja na Nick Gage mjini Los Angeles alikatwa shingoni kwa kioo cha taa, damu ikamtoka vibaya. Mtu haendi kufanya hivyo kwa kitu alichokidharau.

Machi 26, 2001, katika toleo la mwisho la Nitro, kipindi cha WCW cha kila wiki, huko Panama City Beach, Florida, Booker T alimshinda Scott Steiner akautwaa ubingwa wa dunia. Taa za WCW zilipozimwa, mkanda ulikuwa kiunoni mwake.