Ukifika Lisbon, Usianzie Belém

Mgeni anayefika Lisbon kwa mapumziko hupelekwa Belém kabla hata hajaizoea hoteli yake. Vitabu vya wasafiri, wahudumu wa hoteli na marafiki waliomtangulia, wote humwelekeza magharibi mwa jiji, kandokando ya mto Tagus, ambako Monasteri ya Jerónimos na Mnara wa Belém huzungukwa na foleni za watu karibu mchana kutwa. Sina ugomvi na uzuri wa majengo hayo, na nitayasifu hapa chini kwa kuwa yanastahili sifa. Ninachokipinga ni utaratibu wa ziara yenyewe. Naamini kwamba mtu anayependa usanifu wa majengo, hasa akiwa ni mtu wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki, atayaelewa majengo ya Lisbon vizuri zaidi akianzia katikati ya mji, katika mitaa ya Baixa isiyo na nakshi nyingi, kisha apitie jumba moja la makumbusho, na Belém aiweke mwisho.

Baixa ni eneo tambarare lililobanwa kati ya vilima, na lilivyo leo ni matokeo ya asubuhi moja. Tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa, tetemeko kubwa la ardhi liliuangusha mji. Baada ya muda mfupi tsunami ikapanda mtoni na kuyafagia maeneo ya chini, na moto ulioanza siku hiyo ukaendelea kuwaka kwa siku kadhaa. Kasri la kifalme lililokuwa ukingoni mwa mto liliangamia pamoja na maktaba yake, na jumba la opera lililokuwa limefunguliwa miezi michache tu kabla ya hapo likaangamia pia. Anayetaka kujua kilichopotea aende kwenye Makumbusho ya Taifa ya Vigae, ndani ya iliyokuwa konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Madre de Deus, akatazame mandhari ya Lisbon kabla ya tetemeko, iliyochorwa juu ya vigae vya rangi ya buluu na nyeupe kwa urefu wa takriban mita 23.

Kilichofuata baada ya maafa ndicho kinachonifanya niiweke Baixa mbele. Waziri mwenye nguvu wa mfalme, Sebastião José de Carvalho e Melo, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliikabidhi kazi kwa wahandisi wa jeshi. Mkuu wao, Manuel da Maia, alikuwa amekaribia miaka 80, umri ambao wengi huutumia kusimulia ya zamani. Yeye aliandika ripoti iliyopima njia mbalimbali: kuujenga mji upya kama ulivyokuwa, kuupanulia mitaa yake, kuubomoa kabisa na kuupanga upya, au kuuhamishia upande wa Belém, ambako ardhi haikuwa imedhurika sana. Ikachaguliwa njia ya kubomoa na kupanga upya. Eugénio dos Santos akachora mitaa iliyonyooka inayokatana kwa pembe mraba, na alipofariki mwaka 1760 kazi ikaendelezwa na Carlos Mardel.

Uhodari wa mafundi hao umefichwa ndani ya kuta. Kuanzia ghorofa ya kwanza kwenda juu, kila nyumba ilijengewa fremu ya mbao ambayo Wareno huiita gaiola, yaani tundu la ndege. Katika baadhi ya majengo yaliyokarabatiwa, wenyewe wameiacha sehemu ya ukuta bila plasta ili ionekane, na nilisimama mbele ya ukuta wa namna hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya madhabahu yoyote. Nguzo za mbao zimesimama wima, nyingine zimelazwa, na ndani ya kila mraba mbao mbili zimekatizana kwa umbo la X. Nafasi zilizobaki zimejazwa mawe madogo na chokaa, kisha vyote vikapakwa plasta na kusahauliwa. Hoja yake ni rahisi kwa seremala yeyote kuielewa: ardhi ikitikisika, mbao hupinda na kurudi mahali pake, hivyo hata mawe ya nje yakimwagika, fremu inabaki imeshikilia sakafu na watu walio juu yake. Inasimuliwa kwamba wahandisi waliijaribu kwa kuunda mfano wake na kuwaamuru wanajeshi wapige gwaride kuuzunguka ili ardhi itetemeke.

Chini ya nyumba hizo kuna magogo ya msonobari yaliyopigiliwa katika udongo wenye majimaji, na kati ya nyumba na nyumba kuna ukuta wa kuzuia moto unaochomoza juu ya paa. Kuta hizo huonekana vizuri mtu akipanda lifti ya chuma ya Santa Justa, iliyokamilika mwaka 1902, ambayo watu huipandia mandhari ya mto na ngome ya São Jorge bila kuangalia mapaa yaliyo chini ya miguu yao. Madirisha, milango na vipande vya mawe vilichongwa kwa vipimo vinavyofanana, vikaletwa vikiwa tayari kuunganishwa. Mwenye kiwanja aliyetaka kujenga alifuata mchoro, apende asipende. Nakshi zilibanwa, na hata makanisa yalitakiwa kuipanga sura yake sambamba na nyumba za jirani.

Wapo wanaosema kwamba Baixa inachosha kwa sababu ya kufanana huko. Nadhani wanaitazama kwa kimo kisicho chake, kwa maana macho yao yanaishia kwenye maduka ya zawadi, ambayo kweli yanachosha. Inua uso juu ya vibao vya maduka hayo, utaona roshani za chuma za ghorofa ya kwanza, madirisha ya kawaida yaliyopangwa juu yake, kisha vyumba vya darini vinavyochungulia kutoka paani. Ukilinganisha barabara kuu na vichochoro vinavyozikata, utagundua kwamba hadhi ya mtaa imeandikwa kwenye fremu za mawe za madirisha. Majina ya mitaa nayo yanaeleza mpango wa kugawa biashara: wa dhahabu mtaa wao, wa fedha wao, washona viatu wao. Ukifuata Rua Augusta hadi mwisho, tao kubwa linakutoa kwenye uwanja wa Praça do Comércio, palipokuwa na kasri, na ghafla mto wote uko mbele yako. Kwangu mimi hakuna kitu katika Lisbon kilichopangwa kwa akili kuliko hatua hizo chache za mwisho.

Kabla ya kuondoka katikati ya mji, ingia katika makanisa mawili yaliyojeruhiwa. Kanisa la konventi ya Carmo lilipoteza paa lake mwaka 1755 na halikuezekwa tena. Matao yake yamesimama wazi juu ya nyasi, na sehemu iliyobaki ni makumbusho ya akiolojia. La São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio, linanigusa zaidi. Liliathiriwa na tetemeko hilohilo, likajengwa upya, kisha mwaka 1959 likaungua. Waliolifungua tena katika miaka ya 1990 waliamua kutoyaficha majeraha: nguzo zimebanduka na kupasuka, unaweza kuingiza ngumi katika nyufa zake, na juu ya mawe hayo yaliyoungua limewekwa dari lililopakwa rangi ya udongo mwekundu. Katika kanisa hili ndipo Waafrika wa Lisbon, watumwa na walio huru, walipokuwa na udugu wao wa Bikira Maria wa Rozari zama za utumwa, na hata sasa uwanja ulio mbele yake ni mahali pa kukutania Waafrika, wengi wao wakitoka Guinea-Bissau. Ukisimama hapo kidogo utasalimiwa.

Alfama nitaipita haraka, kwa kuwa imekwisha sifiwa na kila mtu. Mtaa huo wa kilimani ulinusurika kwa kiasi kikubwa, na vichochoro vyake vinafuata mkondo wa mji uliokuwa chini ya utawala wa Waislamu kwa karne kadhaa hadi mwaka 1147. Mtu aliyekulia Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar atajua namna ya kutembea humo bila kuelekezwa. Avae tu viatu vyenye soli inayoshika, kwani vile vijiwe vya chokaa vyeupe na vya basalti vyeusi vinavyotandikwa njiani kwa ustadi mkubwa huteleza vibaya mvua ikinyesha.

Sasa twende makumbusho. Museu Nacional de Arte Antiga, yaani Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, iko kati ya Baixa na Belém, na ndani yake kuna kitu ambacho, kwa maoni yangu, kila Mtanzania anayefika Lisbon anapaswa kukiona kabla ya kuiona monasteri. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi kwa ajili ya kuabudiwa, kinachojulikana kama Custódia de Belém na kinachohesabiwa kuwa kazi ya sonara Gil Vicente. Nimekiingiza katika makala ya majengo kwa sababu ni jengo hasa: kina nguzo, minara myembamba, matao na vikuba vya Kigothi vilivyofanyizwa kwa dhahabu na kupakwa rangi za kauri, na katikati mitume 12 wamepiga magoti. Chini yake kumezungushwa maandishi ya Kireno yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Kilwa hiyo ni Kilwa Kisiwani yetu. Vasco da Gama, katika safari yake ya pili mwaka 1502, alifika na merikebu zenye mizinga na kumlazimisha Amiri Ibrahim alipe kodi ya utii kwa mfalme wa Ureno. Miaka mitatu baadaye msafara wa Francisco de Almeida uliupora mji huo, na Mombasa ikafuata. Ni mji ambao Ibn Battuta alikuwa ameusifu kwa uzuri alipoutembelea mwaka 1331, na ambao Msikiti wake Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na kuba nyingi, bado unaonyesha kwamba mwambao wetu nao ulikuwa na wasanifu wanaojua wanachokifanya.

Baada ya hapo panda tramu kwenda Belém, na utaiona Jerónimos kwa jicho jingine. Ujenzi ulianza mwaka 1501 au unaokaribia huo, kwanza chini ya Diogo de Boitaca, kisha João de Castilho, na ukachukua takriban miaka 100. Fedha zake zilitoka kwa sehemu kubwa katika ushuru wa asilimia 5 wa biashara ya Afrika na Asia, biashara ya viungo ikiwa mbele. Jiwe lake ni chokaa ngumu ya hapohapo iitwayo lioz, ambayo jua la jioni huigeuza kuwa rangi ya asali. Mafundi waliichonga kana kwamba ni mbao laini: kamba za merikebu zilizofungwa mafundo, matawi, matumbawe, na lile tufe la miduara inayokingamana lililokuwa nembo ya Manuel. Ndani ya kanisa, nguzo nyembamba za pembe nane, zilizochongwa kuanzia sakafuni, zinafunguka juu na kuwa mbavu za dari, na mahali mikono ya msalaba wa kanisa inapokutana, Castilho alithubutu kutandaza dari pana bila nguzo hata moja katikati. Tetemeko la 1755 halikuliangusha. Huwezi kusimama chini yake ukakataa kwamba ni kazi kubwa, na mimi sikatai. Waashi hawakuwa na hatia ya wanamaji.

Karibu na mlango wa kuingilia kanisani lipo kaburi la da Gama mwenyewe, limechongwa kamba na merikebu, na ng'ambo yake lipo la mshairi Camões. Yote mawili yaliwekwa hapo karne ya 19. Nilipofika, kiongozi wa watalii alikuwa akilielezea kundi lake ujasiri wa baharia huyo, akataja pilipili, akataja Calicut, akavuka kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi India kana kwamba katikati hapakuwa na pwani. Mtu mwenye kujua Malindi, ambako nguzo ya da Gama ingali imesimama, lazima agune. Utajiri ulipokwenda Belém ulijenga ua wa ndani wenye ghorofa mbili za matao yaliyotobolewa kama lesi. Majengo makubwa ambayo Wareno waliyaacha upande wetu ni ya aina ya Fort Jesus, kuta nene za mwaka 1593 na kuendelea, zilizopangwa kwa hesabu ya mizinga.

Wapo watakaoniambia kwamba likizo ni ya kustarehe na kwamba historia ya namna hii inaharibu ladha. Mimi ladha yangu haikuharibika. Niliyaangalia mawe yale kwa muda mrefu zaidi kwa sababu nilijua yalikotoka malipo yake. Wala sidai kitu kigeni ninapotaka jina la Kilwa litajwe mbele ya wageni pale Jerónimos, kwani monstransi ile ilikuwa mali ya monasteri hiyohiyo kwa wosia wa Manuel, na aliyeagiza jina hilo liandikwe juu ya dhahabu ni mfalme, ambaye aliliona kuwa ni la kujivunia.

Makumbusho hayo na monasteri yenyewe hufungwa Jumatatu, kwa hiyo anayewasili mwishoni mwa wiki aitumie siku hiyo kwa Baixa, asubuhi, kabla maduka hayajatandaza bidhaa zake barabarani.