Yule nesi wa kwa bafu

Jumamosi usiku hapa Free Area, Nakuru, mimi na mdogo wangu tulijifunika blanketi moja kwa kochi tukaangalia Girl, Interrupted, ile muvi ya 1999 ya Winona Ryder na Angelina Jolie, na leo ni Alhamisi na bado sijatulia, kwa hivyo wacha niandike tu. Yeye ndiye aliichagua. Rafiki yake waliyesoma naye chuo alimwambia ni muvi ya wasichana kama yeye, akamwekea kwa flashi, na vile alifurahi aki, alipika mandazi na kujaza chai kwa thamosi ndio mtu asitoke hapo mpaka iishe.

Hadithi mnaijua. Ni 1967 huko Massachusetts, Susanna ana miaka 18, anameza aspirini chupa nzima na vodka, daktari mmoja anaongea naye kidogo, anapandishwa teksi mpaka hospitali ya akili na huko anapewa jina la ugonjwa ambalo yeye mwenyewe halielewi. Mpaka hapo mdogo wangu alikuwa anaitikia na kichwa.

Sasa kuna ile sehemu. Susanna hataki kuamka, amejilalia tu, nesi Valerie, huyo ni Whoopi Goldberg, anamtoa kitandani anamtumbukiza kwa bafu ya maji baridi. Susanna anamtukana, tena matusi ya rangi ya ngozi, na nakubali nesi alikuwa na haki ya kukasirika, hata mimi ningewaka. Lakini anamjibu nini? Anamwambia wewe si mwendawazimu, wewe ni msichana mvivu wa kujidekeza, unajitia wazimu mwenyewe. Na muvi inamuunga mkono! Hakuna mahali inarudi kumuuliza kama ana uhakika. Baadaye Susanna anatoroka na mgonjwa mwenzake Lisa mpaka kwa Daisy, mwenzao aliyekuwa ameshatoka hospitali, na akirudi anaanza kupata nafuu kwa sababu ameamua, anaandika kwa daftari yake, anaongea na daktari, siku ikifika anaenda nyumbani. Ni kama kilichokuwa kinakosekana ni kukemewa tu.

Mdogo wangu aliweka kikombe chini. Siku hizi kikombe anakishika na mikono miwili, kwa sababu kuna dawa moja inafanya mikono inatetemeka, na hakipendi kijae. Akaniuliza bila kunitazama, "Kwa hivyo mimi nilikuwa najifanya?"

Nilikosa la kusema. Sikukosa jibu, ni vile swali lilinipeleka mbali. Mwaka juzi aliporudi kutoka chuo alilala wiki sita. Nywele zilikuwa za kusuka na zikaota mpaka mistari ikapotea. Usiku mama anamwekea ugali na sukuma, anafunika sahani na sahani, asubuhi unafunua unapata ugali umepasuka juu na hajaugusa hata kwa kidole. Basi anti yetu akaja kutoka Njoro, akasimama hapo mlangoni akasema hapa hakuna ugonjwa, huu ni uvivu na mnamlea nao, akavuta blanketi, akachukua jagi la maji akammwagia kuanzia kichwani. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika ufagio. Na mnataka kujua ni nini kilifanyika? Hakuna. Hakuamka, hakupiga kelele, hakumtukana mtu. Alilala vile vile kwa godoro limelowa, macho wazi, maji yanadondoka sakafuni, mpaka mama akaja akamwinua na mimi. Godoro tulilianika siku tatu.

Hiyo ndiyo bafu ninayoijua mimi. Mtu ambaye anaweza kutoka kwa maji akiwa amepona kwa sababu ameambiwa ukweli, huyo hakuwa mahali mdogo wangu alikuwa. Na mtu akiniambia ni muvi tu nisiichukulie hivyo, ningependa huyo mtu ajue kwamba Jumanne usiku nilikuta ile bahasha ya khaki ya dawa, ile imeandikwa na kalamu 1 x 1 usiku, nikahesabu vidonge na vya siku tatu viko. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Hakumeza. Aliniambia alikuwa anajaribu kuona kama ni uvivu.

Ataacha na miezi mingapi imeenda kufika hapa? Olanzapine, hiyo ni dawa ya akili, imemnenepesha, sketi zote zimekataa, watu wakikutana naye sokoni wanamwambia umenona, maisha yamekukubali, na yeye anacheka anawaachia. Mtu amebeba haya yote ili aweze kuamka asubuhi, halafu anaambiwa siri ilikuwa ni kuacha kujidekeza.

Angelina Jolie ameigiza vizuri sana, hilo siwezi kataa, na Oscar walimpa. Lakini hebu angalieni huyo Lisa wake wamemfanya awe nini. Msichana ambaye ndiye mgonjwa zaidi hapo ndani ndiye wamempa roho mbaya, anamsema Daisy mpaka Daisy anajinyonga, kisha anachukua pesa za marehemu. Mwishoni Susanna anasimama huko chini ya hospitali anamwambia moyo wake ni baridi, na sisi tunatarajiwa kushangilia. Daisy naye amekufa ili Susanna ajifunze kitu, basi.

Na kinachouma zaidi ni kwamba hiyo safari ya kutoroka hadi kwa Daisy haimo kwa kitabu. Susanna Kaysen ni mtu wa kweli, aliandika yaliyompata na kitabu kikatoka 1993, vipande vifupi vifupi, na katikati ameweka makaratasi yenyewe ya hospitali. Huyo daktari wa kwanza, Kaysen anasema alimwona dakika 20 tu, na yeye akakaa ndani karibu miaka miwili. Hapo ndipo kulikuwa na muvi! Dakika 20! Sisi tulifika kliniki saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukaitwa saa saba mchana, na daktari alikuwa anaandika kabla mdogo wangu amalize jina lake. Mngetuonyesha hiyo.

Na hapa kwetu Susanna hata hangepandishwa teksi. Kifungu cha 226 cha Penal Code, sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, kilisema kujaribu kujiua ni kosa, kifungo mpaka miaka miwili, na ni Januari 2025 tu Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinakiuka Katiba. Mama alikuwa anaogopa hata kuwaambia majirani kwa sababu ya hiyo. Ukiongeza na vile watu wanataja Mathari, ile hospitali ya akili ya Nairobi, kama tusi, mnaelewa kwa nini maombi yalikuja kwanza na kliniki ikaja baadaye.

Jumatano asubuhi nilipigia simu nesi wa kliniki, nikampatia aongee naye mwenyewe. Sikusikia walichoongea, nilitoka nje. Jioni alimeza mbele yangu bila kuambiwa, akalala saa mbili. Ile flashi bado iko hapa kwa meza, na rafiki yake ameuliza kama tuliipenda.