Kipindupindu Goma: pesa iende maabara au kwenye klori?

Kila kipindupindu kinapozuka Goma, mashariki mwa Kongo, na ubishi huzuka. Kuna wanaotaka sampuli zichukuliwe kwa wingi na bakteria wasomwe mpaka vinasaba vyao. Wengine wanauliza: mashine ya nini wakati mama wa Majengo bado anakunywa maji ya ziwa?

Hawa wa pili wana hoja nzito. Matibabu ya kipindupindu hayabadiliki eti kwa sababu umejua ukoo wa bakteria. Mgonjwa anahitaji maji ya chumvi na sukari, au serumu ya kutundikiwa mshipani akizidiwa. Akiyapata mapema, wanaokufa hawafiki 1 kati ya 100; wanaougua vikali wasipotibiwa, hata nusu yao wanaweza kufa. Kinga nayo inajulikana. Nenda ufukweni asubuhi: chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma, zimejaa bidoni za maji za njano, kijana anavuta klori kwa bomba la sindano, anatia bidoni moja baada ya nyingine, na kumwambia kila mtu angoje nusu saa kabla ya kunywa. Klori ikikosekana wiki moja, hakuna makala ya kisayansi itakayoziba pengo hilo. Tena watu wamechoka kuona sampuli zinapanda ndege kwenda Ulaya na wao hawaambiwi kilichoonekana.

Hata hivyo, mwaka 1994 unanizuia kuwaunga mkono moja kwa moja. Julai ile wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu, na karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wengi hukumbuka kipindupindu tu. Nyuma yake ulikuja ugonjwa wa kuhara damu, wa bakteria aina ya Shigella, na ndipo mambo yakaharibika zaidi: bakteria wa kipindupindu walikuwa sugu kwa antibiotiki ya tetrasaiklini, wa kuhara damu walikuwa sugu kwa dawa zote za kawaida. Kuhara damu hakutibiwi kwa serumu peke yake. Kunataka antibiotiki inayofanya kazi, na hakuna muuguzi anayeweza kuitambua kwa macho. Ni maabara tu. Siku hizi, vidonge vikiuzwa kimoja kimoja bila karatasi ya daktari, usugu hauwezi kuwa umepungua.

Vinasaba navyo si anasa tupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kipindupindu cha wimbi la sasa kimeingia Afrika kutoka Asia angalau mara 11 tangu 1970. Yaani binadamu anayesafiri ana mchango mkubwa kuliko tulivyodhani tulipokuwa tukilaumu maji ya ziwa. Kwa Goma hilo ni swali la kazi: klori iwekwe zaidi ufukweni, au kambini na bandarini watu wanakoshukia?

Ninachopinga ni mpangilio wa vipaumbele. Kabla ya vinasaba kuna kuotesha bakteria: sahani yenye chakula cha bakteria cha kijani, joto la nyuzi 37 usiku kucha, kesho yake vidoa vya njano, kisha vidonge vidogo vya karatasi vyenye dawa kuona ipi inawazuia. Sampuli ikiwekwa kwenye kichupa cha Cary-Blair, chenye uji maalumu wa kutunza bakteria, husafiri kwa pikipiki siku kadhaa bila friji. Ugumu uko kwenye umeme usiokatika na vitendanishi (kemikali za vipimo) visivyokwisha muda. Goma ina maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na thamani yake imeonekana tangu Januari 2025, waasi wa M23 waliposhika mji na uwanja wa ndege ukafungwa, Kinshasa ikiwa zaidi ya kilomita 1,500 na barabara haipitiki. Wala si lazima kumpima kila mgonjwa. Mlipuko ukishathibitishwa, sampuli chache kwa wiki kutoka kila zoni ya afya zinatosha.

Tena, kusema ukweli, ubishi wenyewe una kasoro. Pesa ya utafiti mara nyingi hutolewa kwa utafiti tu. Ukiikataa haigeuki klori, inakwenda nchi nyingine. Afadhali ipokewe kwa masharti: mafundi wa hapa wafundishwe, inkubeta ya kuoteshea bakteria ipate sola, na jibu la dawa ipi imeshindwa limfikie muuguzi wa Kyeshero kwa simu wiki hiyo hiyo, wagonjwa wakiwa bado kitandani.