Harufu ya Iliki Ndani ya Laptopu

Mwezi wa Julai mwaka jana nilipokea zamu yangu ya mchezo. Ninakusudia ule mchezo wa kupeana fedha kila mwezi, si huu ninaokuja kuueleza. Niliapa kwamba safari hii fedha zile hazitaishia kwenye michango ya harusi za watu nisiowajua vizuri, bali zitanunua kitu nilichokitamani tangu nikiwa kidato cha pili, yaani laptopu ya kuchezea gemu. Siku ya Jumamosi nilikwenda Kariakoo, nikapita maduka 6 nikiuliza bei kama mtu asiye na fedha, na katika duka la 7 nikatoa shilingi 2,350,000. Nilitoka na mashine yenye RAM ya GB 16, kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) yenye kumbukumbu ya GB 6, skrini inayojichora upya mara 144 kwa sekunde, na chaja ya wati 180 ambayo ukiiangusha mguuni utachechemea wiki nzima.

Kijana aliyeniuzia aliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba gemu yoyote itapiga bila kukwama. La pili, kwamba betri inakaa masaa manane. Nilipomtazama kwa jicho la kutosadiki alichukua kalamu, akaandika kwenye risiti, "Garantii siku 7," juu kidogo ya maneno yaliyokuwa yamechapwa tayari: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Sentensi hizo mbili zilikaa kwenye karatasi moja kama wake wenza.

Inafaa nieleze kwamba mimi ni mtunza stoo. Kwa miaka 9 nimekuwa nikihesabu misumari, mabati na mifuko ya saruji, na kazi hiyo humharibu mtu kwa namna ambayo haina dawa: hawezi kulisikia neno "nane" akalala kabla hajalihesabu mwenyewe. Nilikuwa na siku 7 za kuhesabu. Nilinunua daftari la kaunta, nikachora mistari kwa rula, na juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika kwa herufi kubwa: UKAGUZI.

Ninaishi Magomeni kwa Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenilea. Nyumba yetu ina vyumba viwili na sebule, na katika sebule kuna meza moja tu, ambayo mchana ni ya kulia chakula, jioni ni ya kupigia pasi, na alfajiri ni ya biashara. Shangazi huuza vitumbua pale kwenye kona ya barabara, na wateja wake wa kwanza, madereva wa bodaboda, huanza kupiga honi kabla jua halijatoka. Kwa sababu hiyo huamka saa 9 na nusu usiku kukoroga unga wa mchele kwa tui, hamira, sukari na iliki. Mimi nikilala huwa nimelala. Huu ndio udhaifu uliokuja kuniponza.

Jaribio la kwanza lilifanyika usiku wa Jumatatu. Niliiweka mashine mezani ikiwa kwenye umeme, nikafungua mchezo wa mbio za magari, nikaweka marudio ya mbio moja yajirudie usiku kucha bila sauti, na pembeni nikawasha programu ndogo ya kuandika kila dakika fremu ngapi, yaani picha ngapi za mchezo, zinapita kwa sekunde na joto limefika nyuzi ngapi. Nilitaka kuona kama mashine itavumilia, kwa maana mashine yoyote hukimbia vizuri dakika 10 za mwanzo, kama kibarua mpya. Nilipoamka asubuhi nilifungua kumbukumbu zile kwa mikono inayotetemeka. Tangu saa 4 usiku hadi saa 9 na dakika 50, fremu 91 kwa sekunde, nyuzi 82, safi kabisa. Kisha, ghafla, fremu 38, nyuzi 97. Hali ile iliendelea kwa dakika 55, halafu mambo yakarudi kuwa 91 na 82 kama vile hakuna lililotokea.

Wanaozijua mashine hizi wanafahamu kwamba chipu ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Hilo nililijua. Nisichokijua ni kwa nini joto lipande wakati wa usiku ulio baridi kuliko yote, tena katika kipupwe, na kwa nini lidumu muda wa dakika 55 kamili. Nilizunguka meza mara kadhaa. Niliona tone jeupe lililokauka nyuma ya mashine, nikalikwangua kwa ukucha. Niliinama nikanusa matundu ya feni, nikasikia harufu tamu, nzuri sana, nikadhani ndivyo vitu vipya vinavyonukia vikipata moto. Katika daftari, kwenye safu niliyoiita "Mengineyo", niliandika: "Harufu ya kupendeza."

Usiku wa Jumanne nilicheza mwenyewe nikiwa nimechomoa chaja, na hapo niliujua ukweli wa kwanza. Betri ile ni ya saa-wati 60, na mchezo kama ule hunyonya karibu wati 50, kwa hiyo hata mtoto wa darasa la nne angeweza kugawanya na kuona kwamba saa nane ni hadithi ya sungura na fisi. Ilizima baada ya saa 1 na dakika 9. Zaidi ya hapo fremu zilishuka kutoka 91 hadi 36, kwa kuwa betri haina nguvu ya kuilisha kadi ya grafiki kama inavyolishwa na ukuta. Sikukasirika. Niliandika tu, kwa wino mwekundu.

Lakini haki ni haki. Huenda kijana yule alikusudia saa nane za kazi nyepesi. Usiku wa Jumatano niliijaza betri hadi asilimia 100, nikachomoa waya wa chaja nikauacha palepale mezani, nikapunguza mwangaza wa skrini hadi nusu, nikaweka video moja ijirudie, na saa 4 kamili usiku nikaandika muda wa kuanza. Hata ile programu yangu ya kumbukumbu niliifunga, nisije nikalaumiwa kwamba nimeilisha mashine mzigo usio wake. Hesabu yangu ilikuwa kwamba video itakula wati 10 hivi, na 60 ukigawa kwa 10 ni 6, basi saa 10 alfajiri itakuwa maiti.

Saa 1 asubuhi nilitoka chumbani nikiwa na kalamu sikioni. Video ilikuwa inacheza. Saa 9 zimepita, na betri ina asilimia 18.

Sijui niieleze vipi furaha ile. Mtu mwenye akili angejiuliza kulikoni. Mimi nilijiona nimebahatika. Nilikwenda kazini nikawaeleza wenzangu kwamba zipo mashine moja moja ambazo hutoka kiwandani zikiwa na baraka, kama vile mwembe mmoja shambani unavyozaa kupita mingine. Dereva wa forklifti aliniuliza umeme wa saa tatu za ziada umetoka wapi. Nilimjibu kwamba betri hulizoea taratibu jambo inalofanya. Ninaona haya kuandika kwamba nililisema hilo mbele ya watu 11.

Alhamisi usiku nilirudia jaribio la magari ili nilithibitishe lile tatizo la fremu. Likatokea tena, na kwa saa ileile: saa 9 na dakika 50 kasi ikaanguka, dakika 50 hivi baadaye ikainuka. Hitilafu inayotazama saa! Nilikaa nikaandika ripoti ya kurasa 5, yenye majedwali mawili na mchoro mmoja wa kupanda na kushuka kwa joto, na mwisho wake nikahitimisha kwamba kadi ya grafiki ina "ugonjwa wa alfajiri", lakini betri inastahili pongezi.

Ijumaa, siku ya 6 ya garantii, nilifika dukani Kariakoo nikaiweka ripoti juu ya kaunta ya kioo. Duka lilikuwa na wateja wanne au watano. Nilizungumza kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. Kijana muuzaji alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akaniangalia, kisha akageukia pazia la nyuma akaita, "Fundi, hebu njoo uone kazi ya kaka."

Fundi alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakusoma ripoti. Aliiwasha mashine, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri moja fupi, ikatokea taarifa ndefu ambayo kumbe mashine huwa inaitunza yenyewe siku zote, yenye kila saa iliyokuwa kwenye betri na kila saa iliyokuwa kwenye umeme. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Alhamisi alfajiri, saa 9 na dakika 34, mashine ilikuwa na asilimia 8. Ikachomekwa kwenye umeme. Ikachomolewa saa 10 na dakika 20 ikiwa na asilimia 62." Alinitazama juu ya miwani. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nimelala."

"Na nyumbani unakaa na nani?"

Kabla sijajibu alikuwa ameshaipindua mashine na kulegeza skrubu. Alipofungua mfuniko wa chini, wateja wote walisogea. Kwenye mapezi ya shaba, yale yanayopitisha hewa ya moto, palikuwa na ukoko mweupe kama ule unaobaki ukingoni mwa chungu. Fundi aliukwangua kwa ncha ya bisibisi, akaunusa, akampa mteja mmoja mama wa makamo naye anuse.

"Iliki," alisema yule mama bila kusita. "Na hamira. Hiki ni kitumbua."

Nilimpigia Shangazi. Kwa bahati mbaya simu yangu ina spika mbovu ya sikioni, hivyo mazungumzo yote hufanyika kwa sauti ya nje.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Bado. Shangazi, ile mashine yangu, hivi uliigusa usiku?"

"Nikuibie nini mimi, baba? Juzi nilikuta kitaa chekundu kinapepesa, nikasema maskini, mtoto kasahau kuichomeka, ataamka haina moto aende kazini na huzuni. Nikachomeka. Tundu lenyewe moja tu, si kama masikio. Nilipomaliza kukoroga nikachomoa, maana LUKU nayo ilibaki uniti nne."

Muuzaji alikuwa ameshika kaunta kwa mikono miwili. Nilimwuliza Shangazi kuhusu Jumatatu na Alhamisi usiku.

"Ah, hizo siku ilikuwa inapuliza joto zuri! Kipupwe hiki unga hauumuki, nakaa hadi jua linatoka. Nikasema joto hili la bure linapotea kwa nini? Nikasogeza bakuli pale nyuma inapopulizia, nikafunika yote pamoja na ile kanga yangu ya 'Wema Hauozi'. Joto lake kama mgongo wa mtoto mwenye homa ndogo. Nusu saa tu, unga umefura mpaka unamwagika! Vitumbua vya Jumanne viliisha kabla ya saa 1, baba. Nimevunja kitu?"

Nilimwambia hajavunja kitu. Ndivyo ilivyokuwa kweli: mashine ilikuwa nzima, ila kwa dakika 55 ilikuwa imezibwa pumzi kwa bakuli na kufunikwa kanga, na hata hivyo iliendelea kutoa fremu 38, jambo ambalo kwa haki lingestahili kuwekwa kwenye tangazo. Fundi aliisafisha kwa mswaki na blowa, akanitoza shilingi 15,000 kwa kuwa garantii haihusu mapishi. Muuzaji aliomba abaki na ripoti yangu. Nilimkatalia, lakini nikalazimika kuahidi vitumbua 20 kwa Jumatatu, na yule mama wa makamo akachukua namba ya Shangazi.

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Jumamosi alfajiri mashine ilikuwa imezimwa chumbani kwangu, na vitumbua vilitoka bapa kama sarafu. Jioni Shangazi aliniletea chai, akakaa, akaniambia kwamba ikiwa nitaiwasha ile ya magari kuanzia saa 9 na nusu, uniti za LUKU atanunua yeye. Tulikubaliana masharti: bakuli likae umbali wa shibiri moja, kanga ifunike bakuli peke yake, na mtu yeyote asiguse chaja. Nilipima. Kwa umbali wa shibiri fremu hubaki 91, na unga huumuka kwa dakika 40.

Tangu hapo mimi ndiye mcheza gemu pekee wa Magomeni anayecheza kwa zamu ya alfajiri. Wiki iliyopita nilikuwa nimechoka, nikaamua kucheza karata tu, mchezo mwepesi ambao hata feni hauiamshi. Saa 12 na nusu Shangazi alirudi kutoka kwenye kona akiwa na sinia iliyojaa nusu, akaiweka mezani, akaniuliza kwa upole kama yale magari yangu yameharibika.