Kabla ya mfungo wa siku 40, rudisha mbuzi wa watu

Ukitaja imani isiyo ya nusunusu, wengi humkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Uganda Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Wengine huwaza mfungo mrefu, mkesha kila Ijumaa, au kuacha kila kitu na kuhamia porini. Hilo la porini tulishaona lilikofikia: Shakahola, kaunti ya Kilifi, 2023, ambako ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kumwona Yesu. Kwa maoni yangu kipimo kiko kwingine kabisa, tena ni cha kuchosha na hakipigiwi makofi: watu umewarudishia vyao?

Luwum mwenyewe aliokoka 1948, tunda la Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulishika moto Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, baada ya daktari Mwingereza Joe Church kukutana na Mkristo Mganda, Simeoni Nsibambi, huko Kampala mwaka 1929. Ukaenea Uganda, Kenya, Burundi, na Tanganyika upande wa Bukoba. Waliookoka walijulikana kwa nyimbo, sawa, lakini majirani walianza kuwaamini pale walipoona ng'ombe wa wizi wakirudi, majembe yakirudi, vifaa vya misheni vikirudi. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alipookoka alipanda baiskeli kama maili 50 kwenda kumwomba msamaha Mzungu ambaye alikuwa amembebea chuki moyoni.

Siku hizi tumebaki na nyimbo. Mtu anaongozwa sala ya toba dakika mbili, anaandikishwa jina, na Jumapili ya pili anatoa fungu la kumi la mtaji alioupata kwa kumdhulumu ndugu yake kiwanja. Kanisa linapokea.

Maandiko hayakuliacha jambo hili hewani. Hesabu 5:7 inamtaka aliyedhulumu aungame, arudishe kitu kizima, na aongeze sehemu ya tano. Kutoka 22 ni kali zaidi kwa mwizi wa mifugo: ng'ombe aliyechinjwa au kuuzwa hulipwa kwa ng'ombe watano, kondoo kwa kondoo wanne, mnyama akikutwa bado yu hai, mwizi hulipa wawili. Zakayo alijipangia mara nne mwenyewe. Mimi ningesema anza na sehemu ya tano: ulichukua 350,000, peleka 420,000.

Na bei iwe ya leo. Aliyeiba mbuzi miaka 15 iliyopita hukumbuka bei ya enzi zile, akatoa noti tatu za elfu kumi na kuona amemaliza. Kwa hela hiyo leo hapati mbuzi mnadani. Kama ulichukua mbuzi, peleka mbuzi, tena jike lililokomaa, maana mwenye mali alipoteza na uzao wake.

Kabla ya kutoka nyumbani, kaa na daftari. Andika jina, kitu, mwaka, kiasi. Mke au mume alione daftari hilo kabla senti haijatoka, kwa sababu fedha utakayolipa ni unga na ada za watoto. Wengi hulipa deni kwa siri, kisha wanazua ugomvi mpya ndani ya nyumba. Halafu anza na walio karibu. Ni rahisi kumwandikia mwalimu wako wa zamani aliyeko mbali kuliko kumkabili shemeji mnayekula naye kila Jumapili.

Ukifika, maneno yawe machache. "Mama, ule mwaka niliokuwa nauza dukani kwako nilikuwa nachukua hela kwenye droo. Nimekadiria laki tatu na nusu. Hizi hapa, na nyongeza. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Kinachoharibu hapa ni "shetani tu alinipitia", au "kama nilikukosea", au kugeuza ziara kuwa mahubiri. Umeingia sebuleni kwake kama mdaiwa. Akikataa kukusamehe, usimkumbushe kwamba Biblia inamwamuru asamehe. Acha fedha, aga, ondoka.

Usitume kwa simu kimyakimya. Muamala wa ghafla usiku atauhesabu kuwa wa matapeli wale wa "ile hela itume kwenye namba hii", na atapiga huduma kwa wateja urudishwe. Ongea naye kwanza.

Fedha za mwajiri zina mambo yake. Posho za safari hewa au risiti za mafuta za kughushi usizirudishe mkononi mwa bosi, maana hapo umempa naye jaribu. Zipitie kwa mhasibu, ziingie kwenye akaunti ya taasisi, na uchukue stakabadhi. Kabla ya kuandika barua ya kukiri, mwone mwanasheria. Toba haifuti mashtaka, na ni vizuri ukaenda ukijua unakoelekea. Kuna na kisichorudishika kwa fedha: mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilitangaza watumishi zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Aliye kazini leo kwa cheti cha namna hiyo hana sehemu ya tano ya kuongeza. Anachotakiwa kurudisha ni kiti. Hilo sijui ni madhabahu ngapi zinathubutu kulisema.

Uamsho nao uliteleza mahali: ushuhuda wa zinaa uliotolewa hadharani kwa undani, hadi mwenzake wa dhambi hiyo akaaibishwa mbele ya kijiji kizima bila ridhaa yake. Dhambi ya watu wawili imalizwe na hao wawili na waliojeruhiwa nayo. Iliyotendwa hadharani, kama uzushi uliousambaza kwenye kundi la WhatsApp, ikanushwe kwenye kundi lilelile.

Mwenye mali akiwa amefariki, lipa warithi. Wasipokuwepo, Hesabu 5:8 inasema malipo ni ya Bwana, kwa kuhani, andiko ambalo wachungaji wengine wanalijua vizuri mno. Mimi ningelipa bili ya hospitali ya mtu asiyenijua.

Kama huna kitu, usikimbilie mikopo ya kausha damu ili umalize haraka. Utakuwa umehamisha deni tu. Andikianeni: 420,000, elfu 20 kila mwezi, miezi 21, na shahidi mmoja anayekubalika kwa wote wawili. Ukikwama mwezi fulani, nenda ukaseme kabla ya tarehe. Mdai akisikia kutoka kwako anavumilia. Akikusubiri akakukosa, toba yako anaiona ni geresha.

Mchungaji anayeletewa jambo hili amsindikize mtu kwa mdai pale penye hatari ya kupigwa, na daftari aliache kwa mwenyewe. Asimpandishe madhabahuni kushuhudia Jumapili inayofuata. Angoje hiyo miezi 21 iishe, na hata hapo amuulize kwanza mdai kama ameridhika.