Sikuvaa sanda, yalikuwa mashuka

Jamani, kabla hamjamaliza kutumiana ile video aliyonirekodi swahiba wangu wa bustanini, nimefunikwa nguo nyeupe na uso mweusi, nisikilizeni na mimi. Kwanza, sikuvaa sanda. Ni mashuka ya hoteli. Pili, ule weusi usoni si masizi, ni vumbi la kaboni.

Kigari chetu cha mizigo ya wageni, kile cha betri sita za volti 8, kilikuwa kinakata pumzi kwenye mwinuko wa mapokezi. Nikashusha mota. Kaboni, vile vipande vinavyoingiza umeme kwenye mota, zimekwisha, moja imebaki kama biskuti iliyotemwa na mtoto. Nikapuliza ndani kwa kompresa, bila barakoa, vumbi lote likanirudia mimi. Nikapitisha msasa laini kwenye komyuteta, ile duara ya shaba inayosuguana na kaboni, nikatia kaboni mpya, springi zikabana. Mpaka hapo mimi fundi. Na nyinyi mnaocheka, mpaka hapo mimi fundi!

Sasa mota ile ina vichwa vinne vya waya: A1 na A2 vya amecha (ile ya ndani inayozunguka), S1 na S2 vya koili za kwenye ganda. Pishanisha S1 na S2, inazunguka kinyume. Nalijua hilo, ndiyo maana nilipiga picha kabla ya kufungua. Ila kwenye picha nimo na mimi, meno nje, na kichwa changu kimeziba S1 na S2.

Nikakisia.

Meneja kasimama mbele, mikono kifuani. Nikaweka swichi ya mbele, nikamwambia, "Bosi, sogea kidogo, kitatoka na nguvu."

Kikatoka na nguvu kweli. Nikamwona meneja anakuwa mdogo. Nikajiuliza, mbona bosi anarudi nyuma na miguu haiinui? Kigari kimya kabisa, maana kile king'ora cha rivasi kinafuata swichi, hakijui matairi yanaelekea wapi. Mguu nao, badala ya kwenda kwenye breki, ukazidi kukandamiza. Kamba ya kwanza ya kuanikia ikanipita utosini, taratibu, na harufu nzuri ya sabuni. Ya pili ikanishika shingoni. Kisha dunia ikawa nyeupe.

"Mashuka yangu weee!" Bi mkubwa wa dobi huyo.

Sioni kitu. Nikapapasa swichi, nikatia rivasi nikiamini nakwepa balaa. Kikaanza kulia pii, pii, pii, huku kinakwenda mbele. Kwa meneja.

Aliruka kwenye maua, mzima wa afya. Waya nimezipishanisha kwa dakika tano, mwinuko kinapanda, yamekwisha.

Ila shuka moja lilitoka na uso wangu kamili: macho, pua, mdomo wazi. Bi mkubwa kalifua mara tatu, bado nipo. Sasa kalitundika nyuma ya dobi, anasema tangu jana kunguru hawajagusa kamba zake.