Visby wanaigiza kushindwa kwao, Kilwa tunangoja nini?

Mji ninaoishi, Visby, kisiwani Gotland nchini Sweden, ulitekwa siku moja ya Julai mwaka 1361. Kilwa Kisiwani, ng'ambo ya maji kutoka nilikozaliwa, ilitekwa siku moja ya Julai mwaka 1505. Huku hata watoto wa shule wanaijua siku yao, na watu wazima na akili zao wanashona nguo za kuivalia. Kwetu, muulize kijana pale gatini Kilwa Masoko kilichotokea mwaka 1505, atakuelekeza kwa mtembeza watalii. Jambo hili limeniuma kwa miaka, na leo nalisema.

Nianze na wenyeji wangu. Mwaka 1361 mfalme wa Denmark, Valdemar Atterdag, alishusha jeshi Gotland. Lilikuwa jeshi la watu wa vita hasa, wenye deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, na uzoefu. Waliotoka kulikabili walikuwa wakulima, na tarehe 27 Julai wakajikuta wamebanwa nje ya ukuta wa Visby. Ukuta huo umesimama hadi leo, karibu kilometa tatu na nusu. Matajiri waliokuwa ndani hawakufungua lango. Mji na mashamba walikuwa na uhasama wa siku nyingi, na mwaka 1288 walikwisha kupigana wenyewe kwa wenyewe. Basi wakulima wapatao 1,800 wakauawa pale chini ya ukuta, na wafanyabiashara wa mjini wakasalimu amri, biashara ikaendelea.

Makaburi ya halaiki yalianza kufukuliwa mwaka 1905, kazi kubwa ikafanywa kati ya 1928 na 1930. Ilipatikana mifupa ya watu wasiopungua 1,185. Miongoni mwao walikuwemo wavulana wasiopevuka, wazee, na watu wenye ulemavu. Kwa desturi ya wakati ule mshindi aliwavua maiti chuma chao, kwa kuwa chuma kilikuwa mali. Hapa maiti walikuwa wengi na jua la Julai lilikuwa kali, wakafukiwa haraka, wengine na deraya zao mwilini. Kwenye makumbusho ya Gotland kuna fuvu ambalo bado limevaa kofia ya pete za chuma, kutu imezigandisha pete pamoja na mfupa. Kila nikipita pale husimama. Mtu huyo alikuwa na mama yake.

Mwanaakiolojia Bengt Thordeman alichapisha uchunguzi wa deraya hizo mwaka 1939, na tangu hapo mtu yeyote duniani anayetaka kutengeneza koti la vibati vya chuma la karne ya 14 huanzia Visby. Hapo ndipo penye mzizi wa vikundi vya kuigiza historia vya huku. Wana ushahidi mkononi, wanajua tundu la msumari lilikaa wapi.

Hawakuanza jana. Mwaka 1882 mchoraji Carl Gustaf Hellqvist alichora picha kubwa ya Valdemar ameketi uwanjani Visby, wenyeji wakileta dhahabu na fedha kujaza mapipa makubwa ya bia. Picha hiyo iliingia vichwani mwa watu kuliko kitabu chochote cha darasani. Mwaka 1929 wakaanza kuimba mchezo wa muziki kuhusu mtawa Petrus de Dacia ndani ya gofu la kanisa la St Nicolai. Kisha huko Berkeley, California, tarehe 1 Mei 1966, marafiki wakafanya karamu uani kwa mmoja wao, wamevaa mavazi ya zama za kati na panga za kuchezea. Karamu hiyo ikazaa chama kikubwa chenye falme zake, wafalme wake na mabaroni wake katika mabara kadhaa, na hapa Gotland tawi lake linaitwa Styringheim. Mwaka 1984 mji wenyewe ukaanzisha Wiki ya Zama za Kati, ambayo hufanyika kila wiki ya 32 ya mwaka, mwanzoni mwa Agosti. Mwaka 2011, vita ilipotimiza miaka 650, waigizaji kutoka nchi mbalimbali walikuja kuirudia uwanjani.

Wiki hiyo nimeiona kutoka ndani, maana mwenzangu mmoja kazini ni mwanachama wa kikundi. Sisi ni wahudumu wa wazee. Yeye akimaliza zamu huenda nyumbani, huchukua waya, huukata pete, huzipiga bapa ncha zake, huzitoboa, kisha hufunga kila pete kwa msumari mdogo kama punje ya mtama. Kila pete hupita ndani ya nyingine nne. Fulana moja hula maelfu kwa maelfu ya pete. Nilimuuliza kwa nini asinunue iliyo tayari, zinauzwa. Akasema iliyonunuliwa haimfundishi kitu kuhusu mtu aliyekufa akiwa ameivaa. Sikuwa na la kujibu.

Agosti ni maonyesho tu. Kazi yenyewe ni ya Novemba hadi Machi, wakati jua la Desemba linapozama saa tisa alasiri na mtu anaweza kumaliza wiki bila kubishiwa hodi. Wanakutana jioni, wanashona kwa mkono, wanabishana kuhusu mshono wa kikwapa, wanakunywa kahawa. Nchi hii ina mfumo wa duru za kujisomea, ulioanzia Lund mwaka 1902: watu wachache hukaa pamoja kujifunza jambo wanalolipenda, chini ya jumuiya ya elimu ya watu wazima ambayo hupata ruzuku ya serikali. Vikundi vingi vya namna hii vimekulia humo, wakipata chumba cha kukutania na pesa kidogo ya vitambaa. Serikali imeanza kuipunguza ruzuku hiyo tangu mwaka 2024, nami nadhani inakosea. Chumba cha jioni ndicho kinachowaweka watu hawa pamoja.

Sasa nirudi kwetu.

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa akamkuta Sultan al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia kwamba Ijumaa moja, Sultani akitoka msikitini, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akabadili, akatoka na nguo zile akampa. Watu wakastaajabu. Mwanawe akazichukua kwa yule fakiri na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu wanavyolisifu tendo lile, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tazameni kisa hicho kilivyokaa tayari kwa mchezo. Kina mahali: Msikiti Mkuu upo, kuta zimesimama, na kasri la Husuni Kubwa lipo juu ya mwamba na birika lake la pembe nane. Kina siku, Ijumaa. Kina watu watatu wa kuzungumza na umma wa kushangaa. Yule Mswidi mwenye pete za chuma angetoa mshahara wa mwaka kupata shahidi wa macho wa namna hiyo kwa mji wake.

Ukitaka huzuni nayo ipo. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alikuja na mizinga akatoza kodi ya dhahabu. Mapipa ya Valdemar ni hadithi, lakini dhahabu yetu inaonekana kwa macho: mwaka 1506 mfua dhahabu Gil Vicente aliifanyia kazi, ikawa chombo cha ibada cha Belém, na hadi leo kipo katika makumbusho ya sanaa mjini Lisbon. Julai 1505 Francisco de Almeida akaja na kundi la merikebu, askari wake wakashuka, wakaupora mji, mtawala Amir Ibrahim akakimbia. Wareno wakajenga ngome, na kufikia 1512 wakawa wameondoka.

UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, miaka 14 kabla ya Visby. Mwaka 2004 yakaingia kwenye orodha ya hatari, na yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Nawashukuru kwa dhati waliofanya kazi ile. Lakini kuta zimeokolewa na wenyewe tumebaki watazamaji. Mwanafunzi wa Kilwa huvushwa kwenda kisiwani akiwa amevaa sare ya shule, anaandika tarehe daftarini, anarudi. Hakuna siku ambayo baba yake amewahi kuvaa joho la mfanyabiashara wa dhahabu ya Sofala na kupita naye sokoni.

Najua nitaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Hapo nakataa kabisa. Babu zetu walikuwa na beni. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 miji ya pwani ilikuwa na vyama vya ngoma vyenye wafalme wao, majenerali wao, sare za kushonesha na michango ya wanachama. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi. Dar es Salaam, Marini na Arinoti. Walishindana kwa gwaride, kwa nguo na kwa karamu. Kina mama nao walikuwa na vyama vya lelemama, na hawakukubali kushindwa kwa mavazi hata kidogo. Beni ilikuwa na jenerali wake miongo mingi kabla ya karamu ile ya Berkeley. Kinachotukosa ni mada tu: wao waliigiza jeshi la mkoloni waliyemwona mbele yao, na sisi tunaweza kuigiza mji wetu wenyewe.

Na Makunduchi je? Kila Julai watu wa kusini Unguja hufanya Mwaka Kogwa, wanaume wanachapana kwa mashina ya mgomba, kibanda kinachomwa moto, kina mama wanaimba. Wenye mji ndio wanaoiendesha, na mgeni akija anakuta shughuli inaendelea kwa ajili yao wenyewe. Ndivyo inavyotakiwa.

Zaidi ya hapo sisi tuna kitu ambacho Visby hawana na hawatakipata. Mwenzangu yule akitaka kujua kofia ya mwaka 1361 ilishonwaje, wa kumuuliza ni mifupa. Kwetu mtu anayejua kudarizi kofia kwa mkono yuko barazani sasa hivi. Fundi anayechonga mlango yupo, anayejenga jahazi kwa macho bila ramani yupo, anayejua kuchoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea yupo, ingawa umri umekwenda. Wenzetu wanafufua kilichokatika miaka mia kadhaa iliyopita. Sisi kamba haijakatika, na tunaiacha ifumuke tukiwa tumeishika.

Kuna hoja nzito zaidi, nayo ni pesa. Ni kweli. Muuguzi wa Sweden analipwa akabaki na cha kununua sufu na waya. Mvuvi wa Kilwa anahesabu mafuta ya boti. Sitaki kuwapigia kelele watu wenye shida kutoka kwenye nyumba yenye joto. Ndiyo maana sisemi tuanze na farasi na maturubai. Kanzu zipo, kaniki zipo, siwa na ngoma zinajulikana. Kisa cha fakiri kinahitaji nguo mbili nzuri na watu wanaojua kusema. Na kwa sisi tulio nje, ambao tunachangia arusi na misiba kwa simu kila mwezi, hili nalo tunaweza kulichangia bila kuumia.

Wasiwasi wangu ni mwingine kabisa. Visby hawaigizi ushujaa peke yake. Wanaonyesha lango lililofungwa, wanamwonyesha mkulima akifa huku tajiri wake akitazama kutoka juu ya ukuta. Nimeona watu wazima wakinyamaza hapo. Sasa turudi kwenye kisa chetu: zawadi ya Sultani ilikuwa nguo, pembe za ndovu, na watu ishirini. Binadamu. Majina yao Ibn Battuta hakuyataja. Na karne tano baadaye Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya kuuzia watu waliotembezwa kutoka Ziwa Nyasa, ambao vitukuu vyao, bila shaka, tumo nao mitaani na wengine ndio sisi.

Tukicheza Ijumaa ile ya 1331 na kuwaacha watu hao nje, tutakuwa tumefunga lango kama wale matajiri. Tukiwaingiza, nani atakubali kusimama pale kama zawadi, na atavaa nini, na atapewa maneno ya kusema au atanyamaza? Mimi naona wapewe maneno, na yaandikwe na vijana wa Kivinje wenyewe, tena Sultani asijibu kitu. Wazee wengine hawatakubaliana nami, na ni haki yao kusikilizwa kwanza. Nimeomba nikija likizo tukae barazani Kivinje baada ya alasiri, wenye ngoma, walimu wa madrasa na wa shule, mafundi, na kina mama wa vikoba, tulizungumze hilo kabla ya kukata kitambaa chochote. Aliye Lindi, Mafia au Dar na ana la kusema, aje naye.